Tulivyoshuka Tanga na Milioni Moja na Nusu

Kanisani kwetu Njombe mtu akisimama kutoa ushuhuda huanza na "Bwana asifiwe", kisha anaeleza alivyopona. Wangu utaanza na bei ya mkaa, kwa sababu safari yetu ilianzia kwenye gunia.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba kuna asubuhi unakuta umande umeganda mweupe juu ya majani ya viazi, na mtoto anakataa katakata kutoa mkono nje ya blanketi. Nyumba yetu ya vyumba viwili tuliipasha joto kwa jiko la mkaa. Jioni likishapika linaingizwa ndani na makaa yake mekundu, mlango unafungwa, nyufa za dirisha zinazibwa kwa kanga. Gunia lililopaswa kutufikisha mwisho wa mwezi lilikuwa linaishia katikati, nusu yake limepika, nusu limetuotesha.

Mdogo wetu alikuwa hajatimiza miaka miwili. Kila baridi ilipoingia kifua kilimbana, anakoroma usiku kucha, tunakimbilia hospitali, anapewa dawa, anapata nafuu, na baada ya muda tuko kwenye benchi lile lile. Siku moja daktari wa zamu aliacha kuandika akatuuliza tunalala wapi na jiko linalala wapi. Tulipomjibu akaweka kalamu chini. Alisema kifua cha mtoto kinalalamikia moshi, lakini mkaa una hewa nyingine isiyo na harufu wala rangi, na hiyo huua familia nzima ikiwa usingizini. Usiku ule jiko lilibaki nje. Tukabanana wanne kitanda kimoja, tunatetemeka, na gizani Baba watoto akasema, "Kwani lazima tuishi hapa?"

Kwetu hilo si swali la kawaida. Kijana wa Njombe huenda pwani kutafuta, akipata anarudi kujenga. Kubeba mke, watoto na cherehani ukaenda kuanza upya kusiko na mgomba wako ni jambo ambalo wazee hulichukulia kama umefukuzwa. Mama yangu alipopata habari hakusema mengi. Alinisalimia "kamwene" kwenye simu kama kawaida, kimya kikapita, halafu akauliza, "Unawapeleka wajukuu zangu kwenye mbu?" Nalo lilikuwa swali la haki, nitalirudia.

Tanga tuliijua kwa sababu ya babu. Miaka ya 1950, Tanganyika ilipokuwa inaongoza duniani kwa mkonge, mashamba ya Tanga yalitegemea mikono ya watu wa mbali: Wabena, Wahehe, Wangoni, Wanyakyusa, hata Warundi na Wanyarwanda. Ofisi ya waajiri iliyoitwa SILABU iliwakusanya nyanda za juu na kuwapeleka mashambani. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake, na ujira ulihesabiwa kwa kadi ya siku 30, kipande. Mkonge wenyewe ulikuwa mhamiaji vilevile. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na mashamba yote yale yalianzia hapo. Babu alimaliza mkataba akarudi na baiskeli na koti. Mdogo wake hakurudi. Alioa huko huko, akazaa, akazikwa huko, na binti yake, ambaye kwangu ni shangazi, anaishi Pongwe, nje kidogo ya jiji. Kwa hiyo sisi hatukuwa wa kwanza kushuka, na hilo lilipunguza gharama kuliko kitu kingine chochote. Mwenye ndugu wa kumpokea hahitaji nyumba ya wageni, wala halazimiki kupanga nyumba ya kwanza anayoonyeshwa.

Sasa hesabu. Niliuza mashine yangu ya kufumia masweta, iliyokuwa inatulisha, maana Njombe kila shule inataka sweta. Tukauza kitanda kikubwa, kabati, makochi na kuku. Tukabaki na cherehani, zana za useremala za Baba watoto, sufuria, mashuka, na blanketi moja moja kwa ajili ya safari. Ukijumlisha na mgao wangu wa kikoba, tulipata 1,500,000. Watu wengi wakihama wanakodi lori wabebe kila kitu, na lori hilo hula pesa kuliko thamani ya makochi yaliyomo. Sisi vitu vyetu vilienda kwenye buti la basi. Nauli na mizigo, Makambako, Iringa, Morogoro, Chalinze, Segera hadi Tanga, ilikula 230,000.

Tulichagua likizo ya mwezi wa sita, na hili nalisisitiza kwa yeyote mwenye watoto. Kwanza uhamisho wa shule unafanyika bila mtoto kukosa masomo: mkubwa wetu alikuwa darasa la kwanza, tukachukua barua kwa mwalimu mkuu wa Njombe, tukaripoti kwa mwalimu mkuu wa Tanga, na kwa kuwa shule za msingi za serikali hazitozi ada, gharama ikawa sare tu. Pili, huo ndio msimu wa kusi, upepo unavuma kutoka kusini mashariki na usiku wa Tanga unateremka hadi nyuzi 20 na kitu. Mwili unapata miezi ya kuzoea kabla ya Desemba. Anayehamia pwani mwezi wa pili, kipimo kikicheza kwenye nyuzi 32 na hewa imejaa unyevu, atafunga mizigo arudi kabla ya Pasaka, na atawaambia watu kwamba pwani hakufai.

Shangazi ndiye aliyetufundisha kutafuta nyumba. "Nyumba haikaguliwi asubuhi," alisema. Dalali alitaka kutupeleka saa tatu, yeye akagoma, tukaenda saa nane mchana jua likiwa utosini. Ya kwanza ilikuwa nzuri sana kwa macho, rangi mpya, karibu na bahari, lakini bati limekaa chini na hakuna dari. Tuliingia tukatoka, lile lilikuwa tanuri la mkate. Nyingine ilikuwa na dari ila madirisha yake yote yalitazama ukuta wa jirani. Shangazi alisimama katikati ya chumba, akainua ncha ya ushungi wake aone kama unapepea. Haukupepea. "Hapa feni itazungusha joto lile lile," akasema, na dalali akaanza kumwogopa.

Tuliyoichukua iko upande wa Mikanjuni, mbali na ufuko, vyumba viwili na kibaraza. Madirisha ya vyumba vya kulala yanatazama mashariki, kwa hiyo kusi likivuma linaingia na kaskazi ikigeuka mwisho wa mwaka inaingia vilevile. Upande wa magharibi kuna mwembe unaokinga jua la jioni. Kodi 80,000 kwa mwezi, miezi sita mbele kama ilivyo desturi, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Jumla 560,000 siku moja. Niliona mkono wa Baba watoto ukihesabu noti polepole sana.

Kuna sharti moja tuliloligomea hadi likatimizwa, nalo ni mita ya umeme ya kwetu wenyewe. Wapangaji wengi huchangia Luku moja nyumba nzima. TANESCO ina bei nafuu kwa mteja mdogo asiyevuka uniti 75 kwa mwezi. Familia tatu mkiungana mita moja mnavuka, na kila mmoja analipia bei ya mkubwa bila kuwa na friji. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 kila usiku hula uniti 18 kwa mwezi. Ukiweka taa, simu na cherehani yangu ya mota, bado tunabaki chini ya 75. Kwa hiyo feni, ambayo mama mkwe aliiita anasa, inatugharimu kiasi kidogo sana kando ya mkaa tuliokuwa tunaota Njombe. Mkaa wa huku ni wa kupikia tu, na tunapikia kibarazani. Gunia linafika mwisho wa mwezi.

Kifua cha mdogo kimetulia. Sidai kwamba bahari inatibu. Nimewaona watoto wa hapa hapa wenye pumu, na kwenye masika godoro lisipoanikwa linaota ukungu ambao nao si rafiki wa mapafu. Ninachojua ni kwamba haishi tena ndani ya moshi, na dirisha lake liko wazi usiku.

Kazi ndiyo iliyotugeuza kuliko joto lenyewe. Bara tumekua tukisikia kwamba mtu wa pwani ni mvivu: ukipita mchana unamkuta amekaa barazani, kahawa mkononi, anajipepea. Baba watoto alipata nafasi kwenye karakana ya seremala mmoja mwenyeji, akaenda kwa saa za Njombe. Anaingia saa mbili, anapiga randa moja kwa moja hadi saa kumi na moja. Kila jioni alirudi kichwa kinamgonga, shati lina ramani ya chumvi, halafu analala kama mzigo. Mwenye karakana alimwacha kwanza. Baadaye akamwambia, "Mwanangu, jua halishindaniwi." Mzee yule anaswali alfajiri na saa kumi na mbili unusu msumeno wake unasikika mtaani. Saa sita anafunga. Anakula, anaswali, analala, na saa kumi anarudi mpaka taa ziwashwe. Jumlisha mwenyewe. Saa zake zinakaribia kabisa zile za mtu wa Njombe, ila yule anayepita kwa basi saa nane mchana ndiye anayeandika habari za uvivu.

Tulipohamia kwenye ratiba ile pesa nazo zikaanza kukaa. Maji ya chupa na soda za kupoza koo zilipungua, dawa za kichwa zikaisha, na kazi zilizoharibika kwa uchovu zikawa chache. Nami cherehani nikaihamishia asubuhi na usiku. Mchana wa nyumba yetu sasa ni mkeka sakafuni, watoto wamelala chali, pazia linapumua. Mama yangu alipokuja kutembea alituamsha kwa aibu akidhani tunaumwa.

Soko la sweta halipo Tanga, hilo sihitaji kulieleza. Nilianza kwa kukata mashuka na kubadilisha zipu. Wateja wa kweli aliniletea jirani yangu, Bi mkubwa wa Kidigo ambaye siku ya kwanza alinikuta nimemvisha mdogo kofia ya sufu akamvua bila kuniuliza. Alinielekeza madera yanavyotakiwa kukaa mwilini: mapana, kitambaa chepesi kisichonata, mshono wa bega usiokaza. Nikajifunza na mitandio ya wanafunzi wa kike, ambayo sikuwahi kuishona maishani. Mwaka wangu wa biashara una milima mitatu sasa. Upo wa sare za Januari, upo wa Krismasi, na upo wa Idi, ambayo kila mwaka hutangulia kwa siku 10 au 11 hivyo ni lazima nitazame kalenda yao mapema ninunue vitambaa kabla bei haijapanda. Mwezi wa Ramadhani watu hukaa macho usiku, nami hushona nao. Futari huletwa mlangoni kwangu, Mkristo, sahani imefunikwa kawa, na sahani ya mtu hairudishwi tupu. Nilirudisha viazi vya Njombe alivyonitumia mama, vikasifiwa mtaa mzima.

Chumvi ya hewani hula chuma. Cherehani nisipoipaka mafuta kila wiki inaanza kukwama, na Baba watoto ameachana na misumari ya kawaida kwa kazi za nje. Milango aliyoipima vizuri kiangazi ilivimba kwenye masika ikagoma kufunga. Sasa anaacha nafasi. Hizo ni gharama ndogo ndogo ambazo hakuna anayekutajia unapopanga bajeti.

Chakula kilituchanganya mwanzoni kwa kuwa tulikuwa tunanunua cha kwetu. Viazi, maharage na kabichi vinateremka kutoka Lushoto na vina bei yake. Wenyeji wanakula muhogo wa nazi, wali, mchicha, dagaa, vibua, na machungwa ya Muheza wakati wake yanapojaa barabarani. Samaki wana ratiba yao. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, mashua zinakaa, bei inaruka. Giza likirudi wanajaa, na ukienda soko la Deep Sea mashua zimeshashusha unarudi na ndoo. Tunawaanika juani na chumvi, tunakula hadi giza jingine. Changu na kolekole tunawaachia wenye hoteli. Na kwa vile Tanga ni tambarare, Baba watoto alinunua baiskeli ya mtumba kwa 120,000, na haikuchukua muda kujirudisha kwenye nauli za daladala na bodaboda. Jiji hili lina baiskeli kila kona, mafundi wake wamekaa chini ya miarobaini, hakuna anayekuona maskini kwa kukanyaga pedeli. Njombe na milima yake hata babu aliisukuma yake kwa mkono.

Sasa lile swali la mama. Njombe ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa Tanzania, chini ya mtoto mmoja kati ya mia ukiwapima. Wengi wanaiona hiyo kama bahati tu, bila kujua upande wake wa pili: mtoto aliyekulia huko mwili wake haujawahi kukutana na ugonjwa huo, hana hata ile kinga kidogo ya mwenzake aliyezaliwa Tanga, hivyo ukimpata unampiga vibaya na haraka. Tulinunua vyandarua kabla ya kununua feni. Hata hivyo mvua za vuli zilipoanza, mkubwa alirudi kutoka shule jioni akiwa amejikunja, na usiku akawaka moto, anaongea maneno yasiyoeleweka. Nilitaka kusubiri kuche. Bi mkubwa aligonga mlango baada ya kusikia kilio, akamshika shingo, akasema, "Huyu wa bara, huyu hasubiriwi." Tukaenda usiku ule ule. Kipimo cha tone la damu kidoleni, majibu kabla sijamaliza kujieleza, malaria. Dawa mseto, dozi sita kwa siku tatu, na muuguzi akasisitiza zimezwe na chakula chenye mafuta au maziwa ili zishike. Siku ya tatu mtoto alikuwa anagombania baiskeli. Tangu hapo nyumbani kwetu homa hailali. Ikianza, kipimo kwanza, hata kama kikatoa hapana, na hakuna kununua vidonge dukani kwa kubahatisha. Mama nilimweleza yote bila kumficha, naye akaendelea kuniuliza habari za mbu kila simu, kama inavyompasa.

Mwaka wa pili unaenda. Madalali wana wimbo mmoja siku hizi, bomba la mafuta la kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaloishia hapa Chongoleani. Kila kiwanja sasa "kiko njia ya bomba", hata kama kiko upande mwingine kabisa. Mwenye nyumba wetu naye aliusikia wimbo huo akataka kodi iwe 100,000. Tulikaa naye barazani, Baba watoto akamkumbusha milango miwili na kabati la jikoni alivyomtengenezea kwa gharama ya mbao tu. Tumekubaliana 90,000, tunalipa kwa miezi mitatu mitatu badala ya sita. Kiwanja cha Pongwe alichotuonyesha shangazi tunakifikiria bado. Kipo mbali na maji, na mimi sinunui ardhi ambayo sijaiona mwezi wa nne, masika ikiwa imekolea.

Wifi yangu wa Makambako anataka kutufuata na wanawe Januari. Nimemwambia avumilie hadi likizo ya mwezi wa sita, auze makochi, na asikubali kuonyeshwa nyumba asubuhi. Amekubali yote isipokuwa mashine yake ya masweta, anasema haiuzi ng'o. Nilianza kumcheka, halafu nikakumbuka kwamba Lushoto iko mkoa huu huu, na ina baridi na shule. Nimemwambia aje nayo.